Miche chini ya taa za tyubu: kwa unayeanza bustani kwenye nchi ya baridi

Kila mwaka ikifika Februari simu yangu hainyamazi. Watu niliokutana nao msikitini, harusini au kwenye mashamba ya pamoja ya mtaani wananipigia kuuliza jambo moja: ninunue taa gani ya kuoteshea miche? Nawajibu wote vilevile. Taa yoyote ya tyubu itakufaa. Kitakachokuangusha ni umbali kati ya taa na jani.

Ninaishi Minneapolis, na huu ni mwaka wangu wa tisa wa kuotesha miche kwenye chumba cha chini ya nyumba, kile wanachokiita besmenti. Naotesha nyanya, pilipili mbuzi, nyanya chungu, bilinganya na sukuma wiki. Nakuandikia wewe uliyefika juzi, uliyezunguka madukani ukatafuta nyanya chungu hukuipata, na unataka kulima yako mwenyewe.

Kwanza uelewe kwa nini tunahangaika na taa wakati jua lipo. Huku usiku wa baridi unaweza kuua mche hadi katikati ya Mei, na baridi hiyo inarudi mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Katikati una miezi minne na kidogo. Pilipili mbuzi inataka kama miezi mitatu tangu kupandikizwa hadi kuiva, na kabla ya hapo inataka wiki nane hadi kumi za kuwa mche. Piga hesabu. Ukingoja udongo upate joto ndipo usie mbegu, theluji itakukuta na maua.

Mwaka wa kwanza nilitumia dirisha. Nilipanga vikopo vya mtindi kwenye dirisha la upande wa kusini, kwa sababu huku jua la majira ya baridi linapita kusini, tena chini chini. Mbegu zilitoka vizuri. Siku ya tano miche yote ilikuwa imelalia kioo kama watu wanaochungulia nje. Nikawa naigeuza asubuhi na jioni, nayo ikawa inapinda upya kila nilipoigeuza, mpaka mashina yakawa meupe na membamba kama uzi wa kushonea. Dirisha linatoa mwanga upande mmoja, kwa saa chache, na siku ya mawingu halitoi kitu cha kutegemea.

Mwaka wa pili nikanunua taa ya futi nne yenye tyubu mbili, nikaifunga darini. Chumba kiling'aa hadi pembeni, nikaamini tatizo limekwisha. Baada ya wiki mbili nyanya zangu zilikuwa na urefu wa kiganja zikiwa na majani mawili tu. Miche arobaini na kitu, yote ilianguka. Iliniuma, kwa sababu safari hii nilikuwa nimetoa pesa na nilikuwa naiangalia kila siku.

Aliyenionyesha kosa ni mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu kwenye mashamba ya pamoja. Alishuka besmenti, akatazama juu kwenye taa, akatazama chini kwenye trei. "Mwana yangu," akasema, "taa iko mbali sana na batoto." Akachukua ndoo mbili za rangi zilizokuwa ukutani, akazipindua, akaweka ubao juu yake, na trei juu ya ubao, akaendelea kuongeza vipande vya mbao mpaka kati ya jani na tyubu pakabaki vidole vitatu. Nilimwambia itaungua. Akanishika mkono akaugusisha kwenye tyubu iliyokuwa imewaka tangu asubuhi. Ilikuwa ya uvuguvugu tu.

Hilo ndilo somo lenyewe, nalo ni gumu kulikubali kwa sababu macho yanatudanganya. Jua la mchana wa kiangazi lina luksi (kipimo cha mwanga) kama laki moja. Sebule yenye taa nzuri usiku haifiki hata elfu moja. Sisi hatuoni pengo hilo lilivyo kubwa kwa sababu mboni ya jicho hutanuka na kusinyaa kufuata mwanga. Mmea hauna mboni. Chumba unachokiona kinang'aa, kwa mche ni giza la chini ya kichaka, na mche ulio gizani hutumia akiba yake yote kurefuka ukitafuta pa kutokea. Kwa taa ya tyubu, ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika jani hupungua karibu nusu. Sentimita 5 na sentimita 40 ni nchi mbili tofauti.

Kwa hiyo: mche ukishatokeza, taa iwe sentimita 5 juu yake, na isizidi 10 mpaka siku utakayoutoa nje. Jani lisiguse kioo, basi. Mimi sasa naning'iniza taa kwa minyororo miwili na ndoano, na kila siku ya tatu au ya nne napandisha tundu moja la mnyororo. Kama chumba chako hakina pa kuning'iniza, fanya kama yule mama: taa ibaki palepale, trei ianze juu ya mbao nyingi, kisha uwe unatoa ubao mmoja mmoja kadiri miche inavyopanda. Angalia pia kwamba ncha za tyubu zina mwanga hafifu kuliko katikati. Ninaizungusha miche kila baada ya siku chache, iliyokuwa pembeni inakuja katikati.

Kuhusu muda, taa iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, na saa zilizobaki uiachie miche giza. Nunua taima ya soketi. Usijiamini kwamba utakumbuka, hasa kama unafanya kazi za zamu.

Sasa taa yenyewe. Tyubu zinatajwa kwa herufi T na namba, na namba hiyo ni unene wake kwa sehemu za nane za inchi: T12 ni inchi moja na nusu, T8 ni inchi moja kamili, T5 ni nyembamba zaidi. T12 za zamani zinakula wati 40 kila moja, choki yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) inavuma, na besmenti ikiwa na baridi zinapepesa kabla hazijakubali kuwaka. T8 za wati 32 ndizo nilizokaa nazo miaka yote hii. Rangi ya mwanga imeandikwa ubavuni: 6500K unaelekea ubuluu, 3000K unaelekea unjano. Kwa miche ya mboga chukua 6500K, au ya 4000 na kitu kama ndiyo uliyopata, maana buluu husaidia shina libaki fupi na nene. Zile zinazouzwa kwa bei ya juu kwa jina la taa za mimea sijaona zinachoongeza kwa mche wa wiki nane.

Ukinunua leo kitu kipya kabisa, nunua LED. Zinakula umeme karibu nusu na hazina zebaki. (LED kali zinahitaji umbali zaidi kuliko tyubu, fuata karatasi iliyokuja nayo.) Walioko nchi za Umoja wa Ulaya hawana hata uchaguzi mkubwa, kwani tangu Agosti 2023 tyubu mpya za T8 na T5 zimezuiwa kuingizwa sokoni kule. Lakini ofisi na maduka mengi yanabadilisha taa siku hizi, na zile za zamani zinatolewa bure. Ukipewa, pokea.

Mbegu haihitaji taa kuota, inahitaji joto. Hapa wengi huchanganya. Besmenti yangu mwezi wa tatu ina nyuzi 16 za Selsiasi, na kwa joto hilo pilipili mbuzi inaweza kukaa mwezi mzima ardhini au ioze kabisa. Ikipata nyuzi 27 hadi 30 inatoka kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Kuna mikeka ya umeme ya kuwekea trei juu yake; mimi mwaka wa tatu niliweka trei juu ya jokofu, ikafanya kazi. Funika kwa nailoni kuhifadhi unyevu. Ukiona hata shingo moja imepinda kutoka kwenye udongo, ondoa nailoni na uipeleke trei chini ya taa saa hiyohiyo. Usingoje wenzake. Siku mbili tu za kuchelewa zinatosha kuurefusha mche, na mche wa pilipili ukishatoka na shina la uzi haurudi nyuma.

Adui mkubwa wa ndani ni maji. Kule kwetu jua na upepo hukausha kitalu, ndiyo maana tumezoea kumwagilia asubuhi na jioni. Ukileta mkono huo huku utakutana na kinyausi. Utaamka asubuhi ukute mche umelala, majani yake bado mabichi kabisa, ila shina limesinyaa usawa wa udongo kana kwamba mtu amelibana kwa kucha. Kesho yake wanalala watano, keshokutwa nusu ya trei. Vimelea vyake, Pythium, Rhizoctonia na wenzao, vinaishi kwenye udongo na vyombo vichafu, na vinapenda ubaridi na majimaji. Mche ulioshikwa hauponi. Kinachosaidia ni kuzuia: udongo mpya wa miche wa kununua (usichimbe wa nje), vyombo vya zamani vioshwe kwa jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, na feni ndogo ipulize polepole majani yatikisike. Upepo huo pia hukomaza shina.

Kumwagilia namwagilia kwa chini. Vikopo vyenye matundu viko ndani ya trei, namimina maji kwenye trei, udongo unanyonya, baada ya nusu saa namwaga yaliyobaki. Na simwagilii kwa kalenda. Nainua kikopo kwa vidole viwili. Kilichoshiba maji ni kizito, kilichokauka ni chepesi kama kikopo kitupu, na ukishainua mara kumi mkono wako utajua bila kufikiri. Mbolea ngoja hadi majani halisi yatoke, yale yanayofuata baada ya majani mawili ya mbegu. Ikifika hapo, mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki.

Usianze mapema. Najua hamu ilivyo theluji ikiwa dirishani, lakini nyanya iliyosiwa Februari itakuwa imekuzidi nguvu mwezi wa nne, imegusa taa, imejifunga mizizi kwenye kikopo, na nje bado kuna barafu. Hapa Minneapolis nasia pilipili, bilinganya na nyanya chungu katikati ya Machi, nyanya wiki ya kwanza ya Aprili. Sukuma wiki inavumilia baridi, nayo naisia mwisho wa Machi, inatangulia kutoka nje. Mchicha, kunde na bamia sihangaiki nazo chini ya taa; zinasiwa moja kwa moja bustanini udongo ukishapata joto.

Kuhusu mbegu za nyumbani, tafadhali usizifiche kwenye begi. Marekani inataka hati ya afya ya mimea au kibali cha mbegu chache, na bila hivyo zitachukuliwa uwanja wa ndege, na unaweza kupigwa faini ukizificha. Siku hizi nyanya chungu na mchicha zinapatikana kwa wauzaji wa mbegu wa hapahapa, na majirani wa mashamba ya pamoja hugawana.

Umeme usikutishe. Tyubu mbili za wati 32 kwa saa 16 ni kama yuniti moja kwa siku, yaani yuniti 30 hivi kwa mwezi. Linganisha na bei iliyo kwenye bili yako. Kinachotaka uangalifu ni maji na nyaya kukaa pamoja: soketi iwe juu kuliko trei, waya uning'inie uunde tumbo chini ya soketi ili tone lidondoke kabla ya kuifikia. Tyubu ikivunjika, toa watoto na wanyama, fungua dirisha, usitumie mashine ya kufyonza vumbi kwa sababu itatawanya zebaki hewani. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, malizia kwa gundi ya utepe, funga ndani ya chupa yenye kifuniko. Iliyokufa usiitupe kwenye pipa la taka, ipeleke kituo cha taka hatari cha kaunti yako.

Ikifika Mei, miche iliyolelewa chini ya taa haijui jua wala upepo. Mwaka wa nne niliitoa yote asubuhi moja nikaenda kazini, niliporudi majani yalikuwa meupe kama karatasi. Siku ya kwanza iwe saa moja kivulini, ya pili saa mbili, uongeze taratibu na uisogeze juani kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, usiku irudi ndani. Kisha pandikiza jioni au siku ya mawingu. Nyanya izike shina hadi karibu na majani ya kwanza halisi, itatoa mizizi hapo. Pilipili iache usawa uleule iliokuwa nao kwenye kikopo. Ukimaliza, shuka besmenti, futa vumbi kwenye tyubu kwa kitambaa kikavu, na uandike tarehe uliyosia kila mbegu kwenye ukuta uleule utakaoutazama tena Machi.