Kwenye kaunta ya kemisti, uliza saa

Ninyi mnaoanza kazi kwenye kaunta mtafundishwa kusoma maagizo ya daktari na kuhesabu tembe. Kuna jambo mimi nilichelewa kulijua: mteja akikuambia anameza nini, bado hajakuambia kitu mpaka aseme anameza saa ngapi, na kwa kinywaji gani: maji, chai au uji.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kemisti moja hapa Kondele, Kisumu, mama mjamzito alirudi mara ya tatu. Tembe za chuma na foliki, zile za miligramu 60 za chuma, hakuwa ameruka hata siku moja, lakini damu haikupanda. Nikawa tayari kumuuzia kitu chenye nguvu zaidi. Mkubwa wangu akanisogeza kando, akamuuliza, "Mama, hebu nieleze, unazimeza aje?" Akaeleza vizuri tu: asubuhi, kwa kikombe cha chai ya maziwa, pamoja na tembe ya kalsiamu aliyonunuliwa na dadake, ili zote ziishe kwa mkupuo mmoja.

Basi. Kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa utumboni, na chai nayo hukinasa. Tuliihamishia kalsiamu kwenye mlo wa mchana na wa jioni, kidogo kidogo, maana mwili haufyonzi vizuri zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja. Chuma akawa anakimeza kwa maji, na chungwa, saa moja au zaidi kabla ya chai. Kliniki iliyofuata alipitia dukani kunionyesha kadi yake. (Usimtishe mtu asile omena eti ina kalsiamu. Tunazungumzia tembe hapa.)

Zinki ni kesi nyingine. Mtoto wa zaidi ya miezi sita anayeharisha hupewa miligramu 20 kwa siku 10 hadi 14 pamoja na ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji, na hiyo haina neno. Mwenye kunitia wasiwasi ni mtu mzima aliyesikia zinki inaongeza kinga, akawa anameza miligramu 50 kila siku, mwezi baada ya mwezi. Huyo hata ukimtenganishia saa hujamsaidia. Zinki ikizidi, seli za utumbo hutengeneza protini inayoing'ang'ania shaba, madini ambayo damu na neva huyahitaji. Seli hizo zikibanduka baada ya siku chache, shaba inaishia chooni. Damu inapungua, miguu inakufa ganzi, na chuma hata ameze gunia hakitamrudishia damu hiyo.

Halafu kuna dolutegravir, iliyomo kwenye ARV, yaani dawa za virusi vya UKIMWI, za wateja wetu wengi huku kando ya ziwa. Tumboni hushikana na chuma, kalsiamu, zinki na magnesiamu, ikafyonzwa kidogo kuliko inavyotakiwa. Imezwe saa 2 kabla ya madini hayo au saa 6 baada yake. Chuma au kalsiamu vinaweza kuandamana nayo iwapo vyote vinamezwa pamoja na chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hazimezwi pamoja nayo hata kwa chakula.

Hakuna atakayekutangazia kwenye foleni kwamba anatumia ARV, na usimuulize hivyo. Mimi kila anayenunua madini humwambia, kwa sauti ya chini, "Kama kuna dawa yoyote unayomeza kila siku, tuipangie saa yake." Wengine hunyamaza kwanza, kisha husogea karibu na kaunta. Saa naziandika kwa kalamu juu ya pakiti, na anayetaka kwa Dholuo namwandikia kwa Dholuo.