Mkono wa bandia ni kubadili umbile la Mwenyezi Mungu?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Tupo hapa Tanga. Mume wangu alikatika kiganja cha kulia kwa baruti baharini. Sasa amepata mkono wa bandia wa betri. Akikaza misuli, vidole vinafumba. Jirani anasema huko ni kubadili umbile la Allah. Ni kweli? Na udhu atatiaje? Mwanetu naye anauliza: mwenye viungo vizima akitaka kujiongezea nguvu za mashine?

JIBU: Waalaykum salaam. Avae mkono wake, wala moyo usimsute.

Jirani ameshika Suratun Nisaa, aya ya 119, Ibilisi anapoapa kuwaamrisha watu wabadili umbile la Allah. Aya ni ya haki, ila ameiweka pasipo pake. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu, akajiwekea ya fedha, ikatoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke ya dhahabu; wamepokea Abu Daud na Tirmidhi. Na dhahabu kwa mwanamume ni haramu! Imefunguliwa ili kurudisha pua iliyokatika; basi kurudisha kiungo kilichopotea si kubadili umbile.

Udhu: kwetu Mashafii, kilichobaki hadi kiwikoni lazima kioshwe. Basi auvue, avue na soksi yake, maji yafike kwenye kigutu. Plastiki haioshwi, si ngozi. Akaushe vizuri kabla ya kuvaa tena, asichubuke.

Ama kijana wako, hadithi ya Ibn Mas'ud inawalaani wanaochonga meno wapate mwanya wa urembo. Mwanya wa kuzaliwa sisi watu wa pwani tunausifia, hauna neno. Lawama ni kukidharau kilicho kizima. Mashine ya kuvaa na kuvua ni chombo, kama miwani. Kukata mkono mzima uwekewe wa chuma ni haramu.

Pazito ni kwenye kubadili vinasaba, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya mwili. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu inayohariri, yaani kubadili, vinasaba katika chembe za mgonjwa mwenyewe. Hiyo naiona dawa. Lakini mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kuwa amehariri vinasaba vya viinitete, yaani mimba changa kabisa, na watoto wamezaliwa, eti wasipate Ukimwi, nao hawakuwa wagonjwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Badiliko la namna hiyo huweza kurithiwa na wajukuu ambao hawakuulizwa, nami hapo nakataza.

Hukuniuliza habari za baruti yenyewe. Kama ilikuwa yake, ya kulipulia samaki, mwambie aje tuzungumze baada ya Isha.

Wallahu aalam.