Ngazi ya pili kwenye hoteli ya ghorofa nne: usiiondoe kwenye ramani

Mkuu, umeuliza kama hoteli yako ya vyumba 40, kumi kila ghorofa, inaweza kujengwa na ngazi moja kando ya lifti, kwa kuwa ngazi ya pili itakula vyumba vinne. Jibu langu ni hapana. Nimesimamia ujenzi wa hoteli za aina hii Dodoma na Arusha, na hili ndilo jambo ninalogombana nalo na wenye mali kila mara.

Mgeni wa hoteli anauawa zaidi na moshi kuliko miali, tena akiwa mbali na moto wenyewe. Hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas, Marekani, mwaka 1980 iliwaka chini, upande wa mgahawa na kasino. Moto haukufika vyumbani, lakini watu 85 walikufa, wengi wao wakiwa ghorofa za juu, kwa sababu moshi ulipanda kupitia ngazi, mashimo ya lifti na mianya ya ndani ya jengo. Winecoff ya Atlanta ilitangazwa kuwa haishiki moto, na jengo lenyewe kweli lilibaki limesimama. Ila lilikuwa na ghorofa 15 na ngazi moja tu iliyo wazi, na mwaka 1946 walikufa humo watu 119. Na Januari 2025, hoteli ya Kartalkaya huko Uturuki iliua watu 78. Walionusurika walieleza kwamba hawakusikia king'ora, na wapo waliojaribu kushuka madirishani kwa kamba za mashuka.

Sasa rudi kwenye ramani yako. Ngazi iko katikati, imezunguka lifti, haina mlango. Hiyo ni dohani. Jiko likishika moto usiku, njia pekee ya kutokea ndiyo inajaa moshi kwanza. Viwango vya Uingereza, ambavyo wasanifu wengi wa kwetu wanavifuata, vinataka umbali wa kutembea kwenye korido ya vyumba vya kulala yenye njia ya kutokea ya upande mmoja usizidi mita 9. Ukiwa na njia pande mbili unaruhusiwa hadi mita 35. Vyumba vitano kila upande wa korido tayari vimekutoa kwenye mita 9.

Mwambie msanifu aiweke ngazi ya pili mwisho wa korido, nje ya ukuta wa ubavuni, pale ulipo dirisha. Kama kiwanja kinaruhusu hupotezi chumba hata kimoja. Sharti lake ni kwamba madirisha yaliyo jirani na ngazi hiyo yawe ya vioo vya kuzuia moto yasiyofunguka, au yazibwe, la sivyo moto wa chumba kimoja utaifunga ngazi nzima. Ile ya ndani nayo izungushiwe ukuta, na kila ghorofa iwe na mlango wa kuhimili moto wenye kloza ya kuurudisha wenyewe. Kloza inunuliwe nzuri. Nimekuta milango ya gharama kubwa imeegemezwa matofali ili wahudumu wapitishe mashuka kwa urahisi, na mlango uliozuiwa kujifunga hauzuii chochote.

Kuna sehemu nyingine ambayo watu hawaitazami kabisa: shafti za mabomba, yaani mashimo ya wima yanayopitisha mabomba kutoka ghorofa hadi ghorofa, nyuma ya vyoo. Panda ngazi jengo likiwa bado linapigwa lipu, ufungue shafti na umulike tochi chini. Ukiona mwanga hadi ghorofa ya kwanza, moshi nao utapita hapo hapo. Mafundi wanapenda kuziba kwa povu la kupuliza kwa sababu linaganda haraka na linapendeza machoni, lakini povu la kawaida linaungua. Slabu izibwe kwa saruji kila ghorofa, na bomba la plastiki livikwe kola ya kuzuia moto (pete inayovimba kwa joto na kuziba tundu), kwa sababu plastiki ikiyeyuka inaacha tundu la ukubwa wa bomba lenyewe. Simama hapo mwenyewe kabla hawajafunika, maana vigae vikishabandikwa hakuna atakayekubali kubomoa.

Vitambua moshi weka kila chumba na korido, na king'ora kimwamshe aliyelala mlango ukiwa umefungwa. Jenereta na mitungi mikubwa ya gesi vikae nje ya jengo. Grili za madirisha ya vyumbani ziwe za kufunguka kutoka ndani.

Kufuli kwenye mlango wa dharura ndilo linaloniumiza zaidi. Najua sababu: mgeni anaondoka bila kulipa, au vitu vinaibwa. Funga kamera, funga king'ora cha mlangoni, weka komeo la kusukuma kwa mwili linalofunguka kutoka ndani tu. Mgeni asitafutiwe ufunguo gizani.

Usisubiri jengo liishe ndipo uwaite Zimamoto. Sheria ya mwaka 2007 inawapa mamlaka ya kukagua, na ukiwapelekea ramani mapema marekebisho yanafanyika kwenye karatasi badala ya kwenye zege.

Msanifu akishabadilisha, tuwekee hapa ramani ya ghorofa ya chini. Nataka kuona hizo ngazi mbili zinatokea wapi, kwa sababu zote zikiishia mapokezi bado tuna kazi ya kufanya.