Maswali ya Wasomaji: Mtaa wa Kulala na Matapeli wa Miji ya Ugenini

Barua nne kati ya zilizotufikia zinahusu jambo linalokaribiana: namna ya kupata mahali salama pa kulala katika mji usioujua, na namna ya kurudi nyumbani bila kuingizwa mjini. Tumezifupisha na kuzijibu pamoja.

*Mheshimiwa Mshauri, mwakani mimi na mke wangu tunatarajia kwenda kutembea katika mji mkubwa wa ng'ambo ambako hatuna ndugu wala rafiki. Mmoja anatuambia tusilale popote isipokuwa katikati ya mji. Mwingine anasema huko katikati ndiko kwenye wezi na matapeli. Mtandaoni nako mtaa uleule unasifiwa na kulaaniwa siku hiyohiyo. Tushike lipi?*
Msafiri wa Mara ya Kwanza

Ndugu Msafiri, wote wawili wamekuambia kweli, ila kila mmoja alikuwa na hatari yake akilini. Mnyang'anyi anayetumia nguvu hupenda giza, upweke na kichochoro cha kukimbilia. Tapeli hupenda watu wengi, tena wenye fedha, wasio na haraka na wasiojua bei. Ndiyo maana La Rambla ya Barcelona, njia pana yenye taa na watu hadi usiku, ni mahali ambapo mgeni ana sababu kubwa zaidi ya kuhofia mfuko wake kuliko mwili wake. Wahenga walisema penye wengi pana mengi, na mchomoaji simu analijua hilo kuliko sote. Kwa hiyo mtaa wa kulala uchagueni kwa kuufikiria usiku. Utapeli wa mchana mtaukabili kwa mwenendo wenu, kwa kuwa hakuna anwani inayoweza kuwakinga nao.

Kuufikiria usiku maana yake ni kujiuliza swali dogo kuliko lile la "mtaa huu ni salama?", ambalo kwa kweli halina jibu. Jiulizeni: tukishuka kwenye treni ya mwisho tukiwa na mizigo, tutapita wapi hadi mlangoni? Fungueni ramani, muifuate njia hiyo kona kwa kona, kisha muitazame kwa picha za mitaani ambazo Google ilianza kuzitoa mwaka 2007 na ambazo sasa zinapatikana kwa miji mingi mikubwa. Tazameni ghorofa ya chini ya majengo, kwa kuwa hiyo ndiyo mtakayopita mbele yake. Je, kuna maduka yaliyo wazi, au ni milango ya chuma iliyoshushwa mchana kweupe, mmoja baada ya mwingine? Je, kuna dalili za watu wanaoishi hapo, kama vile nguo zilizoanikwa, baiskeli za watoto na maua kwenye vibaraza, au ni ukuta mrefu wa karakana na njia inayopita chini ya reli? Taa za barabarani zimefungwa pande zote mbili? Angalieni pia tarehe ya picha yenyewe, ambayo huandikwa juu yake, maana baadhi ni za miaka mingi iliyopita na mtaa huweza kupanda au kushuka hadhi katika muda huo. Michoro ya ukutani peke yake isiwatishe. Katika mji wa Berlin imeenea hata katika mitaa ambayo kodi zake si za mtu wa kipato cha kawaida.

Jihadharini na neno "karibu na stesheni kuu". Katika miji mingi ya Ulaya eneo linaloizunguka stesheni kuu ya reli ndilo lenye hoteli za bei nafuu, na kwenye ramani linaonekana liko katikati kabisa, lakini mara nyingi ndilo lenye walevi, biashara ya dawa za kulevya na vibaka wanaowangoja wageni waliochoka. Mtaa wa Bahnhofsviertel huko Frankfurt unajulikana kwa hayo, na mitaa iliyo karibu na stesheni ya Termini mjini Roma imekuwa ikilalamikiwa kwa muda mrefu. Si kwamba kila anayelala huko anaibiwa. Wengi hulala na kuamka salama. Hata hivyo, mkisogea vituo viwili au vitatu mbele kwenye treni ya chini ya ardhi, mara nyingi mtapata, kwa fedha ileile, mtaa wa wenyeji wenye duka la mikate, shule na kituo cha treni mlangoni. Mimi nikiulizwa bila kupewa jina la mji wowote, hilo ndilo jibu ninalolitoa kwanza.

Takwimu za polisi nazo husaidia, ila zinataka kusomwa kwa akili. Tangu mwaka 2011 polisi wa Uingereza na Wales wamekuwa na ramani mtandaoni inayoonyesha matukio ya uhalifu mtaa kwa mtaa na mwezi kwa mwezi. Mgeni akiifungua atashtuka kuona eneo la Westminster, lenye Bunge na majumba ya kifalme, likiwa miongoni mwa yanayoongoza jijini London. Sababu ni kwamba matukio yanayohesabiwa hapo huwapata watu chungu nzima wanaopita kutwa nzima, si wakazi wachache wanaolala hapo tu. Angalieni aina ya kosa badala ya jumla: mtaa wenye wizi wa mifukoni mwingi hauwi sawa na mtaa wenye uporaji wa kutumia silaha, hata kama idadi zao zinalingana.

Maoni ya wageni waliotangulia yasomeni kuanzia yale ya karibuni, hasa ya wale waliotoa alama za katikati, kwa kuwa aliyependa kila kitu na aliyechukia kila kitu wote hawawasaidii sana. Tafuteni maoni ya wanawake waliosafiri peke yao, maana wao hutaja mambo ambayo wengine hawayaoni: taa iliyokufa kwenye ngazi, mlango wa nje usiofungika, wanaume wanaokaa kwenye kona ileile kila jioni. Na mtu anayelalamika kwamba kengele za kanisa zilimwamsha alfajiri amewafahamisha pia, bila kukusudia, kwamba hakuwa na jambo kubwa zaidi la kulalamikia.

*Mshauri, nimeona mtandaoni nyumba nzuri ya kupanga kwa wiki moja, katika mtaa unaosifiwa, kwa nusu ya bei ya nyumba za jirani. Mwenye nyumba ameniandikia kwa upole sana, akinitaka nimtumie fedha moja kwa moja benki ili aniondolee ada ya programu ya kupangishia nyumba nilikoiona. Nifanyeje?*
Mama Mwenye Kutafuta Nafuu

Mama, usitume. Fedha ikishatoka nje ya programu, programu hiyo haina tena wajibu wa kukurudishia, na anayeandika kwa upole analijua hilo vizuri. Katika utapeli wa aina hii nyumba aghalabu ipo kweli, ila si yake: picha zimechukuliwa kwenye tangazo la wakala wa nyumba au la hoteli nyingine. Zipakie picha hizo katika huduma ya kutafuta picha mtandaoni, na ukiona sebule ileile imetangazwa katika miji miwili tofauti, mazungumzo yameishia hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wasafiri wengi hawaliulizi, nalo ni kibali. Miji kadhaa sasa inawalazimu wenye nyumba za kupangisha kwa siku chache kuonyesha namba ya usajili katika tangazo lenyewe. Barcelona namba hizo huanza na herufi HUTB, na mamlaka ya jiji ilitangaza mwaka 2024 kwamba haikusudii kuendelea na vibali vya nyumba hizo baada ya Novemba 2028. New York, tangu Septemba 2023, mwenye nyumba anayepangisha kwa chini ya siku 30 anatakiwa awe amesajiliwa, awemo ndani wakati mgeni yupo, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Tangazo la nyumba nzima kwa familia ya watu watano kwa wiki moja katika mji huo, ikiwa ni nyumba ya kawaida ya kuishi, linapaswa kukutia shaka hata kama mwenye nyumba ni mtu mwema. Uliza namba, kisha uilinganishe na orodha ya mji iwapo ipo mtandaoni.

Hata ukishalipa kwa njia halali, usilegee. Ukipata ujumbe unaosema kadi yako inahitaji kuthibitishwa ndani ya saa chache la sivyo chumba kitafutwa, usibonyeze kiungo chochote, hata kama ujumbe umekuja kupitia mazungumzo yaleyale uliyokuwa nayo na hoteli, kwa sababu wadukuzi huweza kuingia katika akaunti ya hoteli yenyewe na kuwaandikia wageni wake. Piga simu hotelini kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Vilevile, mwenyeji anayekupokea kwa habari kwamba bomba limepasuka na kwamba ana nyumba nyingine "nzuri zaidi" upande wa pili wa mji, mwambie ayaandike hayo ndani ya programu kabla hujanyanyua begi lako.

*Ndugu Mshauri, mimi si mtu wa kudanganyika ovyo, lakini nasikia matapeli wa miji ya watalii wana mbinu mpya kila siku. Nawezaje kuzijua zote?*
Asiyetaka Kupigwa

Huna haja ya kuzijua zote, ndugu, na anayejiona hadanganyiki ndiye wanayempenda. Mbinu ni nyingi, ila mwanzo wake ni mmoja: mtu usiyemjua ndiye anayeanza mazungumzo, mahali penye kivutio, naye anakupa kitu kabla hujaomba. Chukua mfano wa Istanbul. Mng'arisha viatu anakupita akiwa na sanduku lake begani, na hatua chache mbele brashi inamdondoka. Wewe kwa wema wako unaiokota na kumwita. Anashukuru kwa mikono miwili, anaweka sanduku chini, anasisitiza akung'arishie viatu kuwa ni shukrani tu. Mguu wako tayari uko juu ya sanduku. Anakusimulia habari za mtoto mgonjwa. Akimaliza, shukrani imegeuka deni, na kiasi anachokitaja kinazidi mara nyingi kile ambacho mwenyeji angelipa. Brashi haikudondoka kwa bahati mbaya.

Wengine hutoa habari badala ya huduma. Karibu na Kasri Kuu la Bangkok, mtu nadhifu anakuambia kwa heshima kwamba leo kasri limefungwa kwa ibada, ila anamfahamu dereva wa bajaji atakayekuzungusha kwa fedha kidogo. Mzunguko huo huishia katika duka la vito ambavyo thamani yake ni ndogo mno kuliko bei yake. Dawa ni kutembea hadi langoni ukajionee mwenyewe. New Delhi, hasa karibu na stesheni kuu ya reli, habari hiyo huwa ni kwamba hoteli yako imefungwa au imeungua, na msemaji yuko tayari hata kukupigia simu ili uthibitishe, ila namba anayoipiga yeye ni ya mwenzake. Beijing na Shanghai ni vijana wachangamfu wanaotaka kujizoeza Kiingereza, wanaokualika kuonja chai na kukuachia bili ya kutisha. Paris, kwenye ngazi za kwenda kanisa la Sacré-Cœur, ni uzi unaofungwa kwenye kifundo cha mkono wako kabla hujakataa. Hapo weka mikono mifukoni na uendelee kupanda.

Watu wenye adabu ndio wanaoumia zaidi, maana wanaona aibu kumwacha mtu akizungumza peke yake. Aibu hiyo ndiyo mtaji wa tapeli. Sema "hapana, asante" mara moja, usisimame, usieleze sababu, kwa kuwa kila sababu utakayoitoa ana jibu lake. Ukihitaji msaada, mchague wewe mtu wa kumuuliza: mama aliyebeba mboga, muuza magazeti, mfanyakazi mwenye sare ndani ya kituo. Ni nadra sana uliyemchagua wewe kuwa ndiye aliyekuwa akikuvizia.

Kuhusu teksi, kanuni ni hiyohiyo. Anayekufuata ndani ya ukumbi wa kuwasili akiuliza "teksi?" mwache, uende kwenye foleni rasmi iliyo nje. Soma mapema utaratibu wa nauli wa mji huo. Paris, kwa mfano, tangu mwaka 2016 nauli ya teksi kati ya viwanja vyake vikuu vya ndege na mji ni maalumu na hutangazwa, kwa hiyo dereva hana cha kujadiliana nawe.

*Mshauri, ikiwa mtu amevaa kiraia, akaonyesha kitambulisho na kusema ni polisi anayetaka kukagua pochi yangu kutafuta noti bandia, nina haki ya kukataa?*
Mwenye Wasiwasi

Mwambie kwa utulivu kwamba uko tayari kukaguliwa kituoni, au mbele ya askari mwenye sare, na usimkabidhi pochi wala pasipoti barabarani. Hadithi ya noti bandia ni ya zamani na hutumiwa katika nchi nyingi, mara nyingi ikitanguliwa na mtu wa tatu aliyekuuliza njia dakika moja kabla, ambaye naye "anakaguliwa" ili uone ni jambo la kawaida. Sema kwa sauti kwamba unapiga simu ya dharura, kisha uipige: 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na 1155 kwa polisi wa watalii nchini Thailand. Kwa nchi nyingine, tafuta namba hizo kabla ya kuondoka na uziandike kwenye karatasi pamoja na anwani ya hoteli kwa lugha na maandishi ya wenyeji, kwa sababu simu ndiyo hutangulia kuibwa. Askari wa kweli hatachukia kukusindikiza hadi kituoni.