Maswali na Majibu: Wapokeaji wa Vikings, Msimu Upi Ulikuwa Moto Zaidi?

Nilidokeza hapa kwamba kundi la wapokeaji (wale wanaokimbilia pasi na kudaka) la Minnesota Vikings, timu ya soka la Kimarekani, la mwaka 1998 halijapata mpinzani, hata baada ya Justin Jefferson kuja. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, nyingi kutoka kwa Waafrika Mashariki wenzangu tunaoishi huku Minnesota, nyingine kutoka nyumbani. Nimechagua chache na kuzifupisha.

Kaka, mbona unang'ang'ania 1998? Jefferson alipata yadi 1,809 mwaka 2022. Randy Moss hakuwahi kufika huko. Namba si zinajieleza? (Msomaji, Brooklyn Park, Minnesota)

Zinajieleza, ila zinamweleza mtu mmoja. Tuanze hapo hapo kwa mtu mmoja. Msimu mkubwa wa Moss akiwa Vikings ulikuwa 2003: mipira 111 aliyodaka, yadi 1,632, tachidauni 17 (tachidauni ni mpira kufikishwa eneo la goli, pointi sita). Alicheza mechi 16, kwa hiyo ni yadi 102 kila mechi. Jefferson alicheza 17, kwa sababu ligi iliongeza mechi moja kuanzia 2021, na wastani wake ni yadi 106. Tofauti iliyobaki ni yadi nne. Kumbuka pia kwamba mwaka 2004 ligi iliwaamuru waamuzi wakaze sheria inayomkataza beki kumgusa mpokeaji akishavuka yadi tano za mwanzo. Sheria yenyewe ilikuwepo tangu 1978, ila ilikuwa inalegezwa. Moss wa 2003 alikuwa anasukumwa na kuvutwa jezi njia nzima, na waamuzi wanaangalia pembeni.

Sasa tuje kwenye hoja yangu. Hiyo 2003 ya Moss, Vikings walianza kwa kushinda mechi sita mfululizo wakaishia na ushindi tisa na vipigo saba, nje ya mtoano. Nyota alikuwepo, kundi halikuwepo. Mimi sihesabu nani amedaka mingi. Nauliza kundi lipi lilimfanya kocha wa ulinzi akae usiku kucha akipanga watu wake na bado wasitoshe.

Mwaka 1998 Moss, akiwa mgeni kwenye ligi, alidaka 69 kwa yadi 1,313 na tachidauni 17. Cris Carter alidaka 78 kwa yadi 1,011 na tachidauni 12. Hao wawili peke yao ni tachidauni 29. Wa tatu alikuwa Jake Reed, mtu ambaye kabla ya Moss kufika alikuwa anapita yadi 1,000 kila msimu, sasa yuko wa tatu kwenye foleni. Ongeza Andrew Glover, taiti endi (mdakaji wa aina nyingine, nitamweleza chini), yadi 522. Ukimwekea Moss walinzi wawili, Carter anabaki na beki mmoja, na hakuna beki mmoja aliyemweza Carter karibu na mstari wa goli. Ukisogeza watu nyuma kuogopa pasi ndefu, Robert Smith anakimbia na mpira katikati. Alimaliza na yadi 1,187 za kukimbia. Matokeo yake ni ushindi wa mechi 15 kati ya 16 na pointi 556, rekodi ya ligi iliyodumu mpaka Patriots wa 2007 walipofunga 589. Na nani alikuwa anadaka kule Patriots? Moss huyo huyo, tachidauni 23.

Geukia 2022. Jefferson 1,809. Anayemfuata ni Adam Thielen, 716, tayari ana miaka 32. K.J. Osborn 650. T.J. Hockenson alifika katikati ya msimu akitokea Detroit, akapata 519. Ni watu wazuri, lakini zaidi ya theluthi ya yadi zote za pasi zilipitia mikono miwili tu. Mtoano ulipofika, Giants wakamkaba Jefferson wakambakiza na yadi 47. Mechi ikaamuliwa kwenye jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, zinahitajika yadi nane, na mrushaji Kirk Cousins akatoa pasi ya yadi tatu kwa Hockenson. Yadi tatu! Vikings wakatoka 31-24. Mwaka 1998 ukimkaba nyota namna ile, anakuja mwingine anakuadhibu.

Mimi ni mtu wa soka la kawaida, huo mchezo wa yai siuelewi. Mpokeaji ni nani, na kwa nini wanahesabiwa kwa kundi? (Msomaji, Mwanza)

Mpokeaji ni kama winga ambaye kazi yake yote ni kukimbilia pasi ya kupenyeza. Kwotabeki, yule anayerusha mpira, ana takriban sekunde tatu kabla hajaangushwa. Ndani ya muda huo wapokeaji watatu, wakati mwingine wanne, wanakimbia njia walizopangiwa: mmoja ndefu, mmoja anakata katikati, mmoja anageuka ghafla mstarini. Taiti endi ni yule mwenye mwili aliyeanza jirani na ukuta wa mbele, anaweza kuzuia au kudaka. Walinzi ni 11 tu, na kadhaa kati yao wana kazi ya kumfukuza kwotabeki. Kwa hiyo kila mpokeaji mwenye kuhitaji walinzi wawili anamwachia mwenzake nafasi. Ndiyo maana wa tatu kwenye kundi anaweza kuamua mechi ambayo wa kwanza hajagusa mpira.

Nimehamia Texas. Wazee wa Cowboys, timu ya hapa, wakisikia jina la Moss wanabadilika sura. Kuna nini? (Msomaji, Dallas)

Kuna Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 1998. Moss alipokuwa anatoka chuo cha Marshall kila mtu alijua kipaji chake, lakini alikuwa na historia ya matatizo na sheria, timu zikaogopa. Dallas walikuwa na nafasi ya nane kwenye drafti, zamu ambapo timu huchagua wachezaji wapya, wakamchukua mlinzi Greg Ellis. Moss akateremka mpaka nafasi ya 21, Minnesota wakamwokota.

Novemba 26 ratiba ikampeleka Dallas, mchana, nchi nzima iko mezani na batamzinga. Alidaka mipira mitatu tu. Yadi 51, tachidauni. Yadi 56, tachidauni. Yadi 56 tena, tachidauni. Mipira mitatu, yadi 163, pointi 18, na Vikings wakashinda 46-36.

Ukirudia kutazama zile picha, mtazame mikono. Beki anayemfukuza mpokeaji haoni mpira, umetoka nyuma ya kisogo chake. Anasoma macho na mikono ya mwenzake. Akiona mikono inapanda, anajua mpira umefika, naye anarusha mkono kuupangua. Moss alikuwa haiinui. Anakimbia mikono iko kiunoni, uso hauna habari, mpaka nusu sekunde ya mwisho ndipo inafunguka na mpira unatua. Beki anageuka, imekwisha. Na mtu ana futi sita na inchi nne, hata akijua atafanya nini? Mwaka uliofuata Green Bay, mahasimu wetu, walitumia chaguzi zao tatu za kwanza za drafti kuchukua mabeki wa nyuma watatu. Sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo ambayo timu pinzani inaweza kumpa mpokeaji.

Unasahau 2009, mwaka wa kwotabeki Brett Favre. Au kwa sababu hakukuwa na jina kubwa? (Msomaji, Mombasa)

Sijasahau, dada, na hapa tuko pamoja. Ukiniuliza kundi linalodharauliwa kuliko yote, ni hilo. Sidney Rice alidaka 83 kwa yadi 1,312. Percy Harvin, kijana mgeni, yadi 790, akachukua tuzo ya mchezaji mgeni bora wa ushambuliaji. Bernard Berrian yadi 618. Visanthe Shiancoe, taiti endi, alifunga tachidauni 11, namba ambayo wengi hawaiamini mpaka uwaonyeshe. Nyuma yao kuna Adrian Peterson, ambaye naye alidaka mipira 43.

Kundi hili lilikuwa na kina. Septemba ile dhidi ya San Francisco, zimebaki sekunde chache, Vikings wako nyuma. Favre anakimbia kulia, anarusha yadi 32 kwenda nyuma kabisa ya eneo la goli. Aliyedaka, vidole vya miguu vikigusa nyasi mstarini, ni Greg Lewis, mtu aliyekuwa mbali kwenye foleni ya wapokeaji. 27-24. Kwenye mtoano Rice peke yake akawafunga Dallas tachidauni tatu katika ushindi wa 34-3.

Kwa nini basi naliweka chini ya 1998? Kwa sababu Rice aliweza kuwa vile mwaka mmoja tu. Msimu uliofuata nyonga ilimsumbua na hakurudi kuwa yule. Unaweza kunijibu kwamba tunapima msimu, siyo maisha ya mchezaji. Ni haki yako. Lakini ulinzi wa wapinzani wa 2009 ulimwogopa Peterson kwanza, wapokeaji baadaye. Wa 1998 uliwaogopa wapokeaji kwanza.

Diggs na Thielen je? Mwaka 2018 wote wawili walipita mipira 100. (Msomaji, Nairobi)

Thielen 113 kwa yadi 1,373, Stefon Diggs 102 kwa yadi 1,021, tachidauni tisa tisa. Thielen alianza msimu kwa kupita yadi 100 katika mechi nane mfululizo, na huyu ni mtoto wa Minnesota hii hii aliyesoma Mankato na hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti. Nawapenda kupita kiasi. Lakini soma jedwali la msimu ule: ushindi nane, vipigo saba, sare moja. Walikuwa wawili, wa tatu wa maana hakuna, na ukuta wa mbele ulikuwa unavuja. Walikuwa na faida zaidi 2017, walipodaka machache na timu ikashinda mechi 13, kisha ule ushindi wa mtoano ambao Diggs aliruka, akadaka, akashika chini kwa mkono mmoja asianguke, akakimbia mpaka golini wakati saa imeisha. Yadi 61, Saints wakalala 29-24.

Carter angekuwa Carter bila Moss? (Msomaji, Toronto)

Alikuwa Carter kabla ya Moss. Mwaka 1994 alidaka 122, rekodi ya ligi wakati ule, na 1995 akadaka 122 tena, safari hiyo kwa yadi 1,371 na tachidauni 17. Jake Reed naye alipita yadi 1,100 katika misimu yote miwili, Warren Moon akirusha. Ukitaka jozi, hao wanastahili kutajwa kabla ya Diggs na Thielen. Na Philadelphia walimwachia Carter mwaka 1990. Vikings walimpata kwa ada ya dola 100.

Na kundi la 2024? Jefferson, Addison, Hockenson, Nailor. Hilo halina kina? (Msomaji, St. Cloud, Minnesota)

Lina kina kuliko la 2022, na nashangaa watu hawalisemi. Jefferson 1,533 na tachidauni 10, Jordan Addison 875 na tisa, Jalen Nailor alidaka 28 tu lakini sita zikawa tachidauni. Sam Darnold, ambaye timu kadhaa zilishamkatia tamaa, alirusha tachidauni 35 na timu ikashinda 14. Nalipa nafasi ya tatu, nyuma ya 1998 na 2009. Hockenson alikuwa anatoka kwenye jeraha la goti na hakufunga hata moja. Angekuwa mzima ningelazimika kufikiri upya.

Kama wapokeaji wote hao walikuwa moto, kombe liko wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Halipo. Vikings wamefika Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne, zote kabla Moss hajazaliwa, na wamepoteza zote. Hao wa 1998 walipoteza fainali ya kanda nyumbani, Metrodome, 30-27 kwa Atlanta katika muda wa nyongeza, baada ya Gary Anderson kukosa mkwaju wa yadi 38. Msimu mzima Anderson hakuwa amekosa mkwaju hata mmoja. Wa 2009 walipoteza fainali hiyo hiyo kwa Saints, 31-28, nayo kwenye muda wa nyongeza, baada ya Favre kutoa pasi iliyonaswa wakati timu ilikuwa karibu na eneo la kupiga mkwaju. Katika mechi zote mbili sioni mpokeaji wa kulaumu.

Tupe kikosi chako, msimu mmoja kwa kila mtu. (Msomaji, Kigali)

Moss wa 1998 upande mmoja. Jefferson wa 2022 upande wa pili, na anayebisha aangalie ule mpira wa Buffalo: jaribio la nne, zinahitajika yadi 18, beki ameshaukumbatia kwa mikono miwili, Jefferson anauchomoa kwa mkono mmoja hewani. Carter wa 1995 katikati. Shiancoe wa 2009 kama taiti endi. Kurusha nampa Randall Cunningham, kwotabeki wa 1998, kuliko Favre, kwa sababu alirusha mbali bila haraka na Moss anahitaji muda wa kufika huko. Harvin anakaa benchi na atanuna. Anune tu.