1 Yohana 5:7 ukiondoka, Utatu unabaki na nini?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Nasali huku Kayole. Jumamosi Mashahidi wa Yehova walibisha hodi kwangu, wakasema maneno "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja" yaliongezwa kwenye Biblia. Nilikosa la kujibu. Ni kweli?

Jibu: Milele na milele, amina. Ni kweli, na hapo usibishane nao. Maneno hayo ya 1 Yohana 5:7 hayamo katika nakala za kale za Kigiriki; yalienea kwa Kilatini. Erasmus, msomi wa Kiholanzi, alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, na tena 1519, hakuyaweka, aliyaingiza 1522. Fungua Biblia Habari Njema, utakuta pale Roho, maji na damu tu.

Lakini Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu, hautegemei mstari huo: maaskofu waliokutana katika Mtaguso wa Nisea walimkataa Arius mwaka 325 bila kuuhitaji. Arius, padri wa Aleksandria, alifundisha, kama wageni wako wanavyofundisha leo, kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko vyote, na kwamba kabla ya kuzaliwa hakuwako. Sasa soma Yohana 1:3 polepole: "wala pasipo yeye hakikufanyika cho chote kilichofanyika." Kila kilichofanyika kimepitia kwake. Kama naye alifanyika, alipitia kwa nani? Ndiyo maana katika Kanuni ya Imani tunasali kila Jumapili: "aliyezaliwa bila kuumbwa." Anza na mstari huu, na umwombe mgeni wako ausome yeye mwenyewe kwa sauti.

Atakujibu kwa Wakolosai 1:15, "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote." Sisi tukisikia hivyo tunafikiria kifungua mimba. Lakini Zaburi 89:27 inampa Daudi jina hilo hilo, na Daudi alikuwa kitinda mimba, mwana wa nane wa Yese. Ni cheo cha mrithi. Msifunge Biblia kabla ya mstari wa 16: "katika yeye vitu vyote viliumbwa." Tafsiri yao inasema "vitu vingine vyote", hilo "vingine" halimo katika Kigiriki.

Nakuomba pia uache mfano wa maji, barafu na mvuke, ingawa katekista wengi huupenda. Maji yale yale hugeuka sura tatu kwa zamu, na hilo ndilo kosa la Sabellius, mwalimu wa kale aliyesema Baba, Mwana na Roho ni sura tatu tu za nafsi moja. Pale Yordani, Mathayo 3:16-17, Mwana anapanda kutoka majini, Roho anashuka, Baba anasema, wote kwa wakati mmoja.