Karo likijaa tena siku ya kumi na moja, usilaumu karo

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nyumba yetu iko Sinza, ilijengwa na marehemu baba mkwe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tupo watu saba. Karo letu, yaani tangi la chini la majitaka ya choo, ni la tofali, la zamani, na maji yake yanaingia kwenye shimo moja la mviringo nyuma ya jiko. Mwezi wa nne tuliita gari la kunyonya, likavuta lita 6,000. Siku ya kumi na moja choo kikaanza tena kurudisha maji. Fundi mmoja anasema tuchimbe shimo jipya la futi 20 mpaka tufikie maji, shida itakwisha kabisa. Jirani naye ametuletea mtu mwenye dawa ya unga ya kukausha choo. Tufuate lipi? Na manispaa inahusika vipi? – Mama Neema, Sinza

JIBU: Mama Neema, usifuate lolote kati ya hayo mawili. Anza na hesabu kabla hujamlipa mtu. Watu saba, kila mmoja lita 80 kwa siku, ni lita 560. Gawanya 6,000 kwa 560, unapata siku kumi na kitu. Gari liliwaachia nafasi ya lita 6,000 nanyi mkaijaza kwa matumizi yenu ya kawaida. Karibu hakuna maji yaliyotoka kwenda ardhini siku zote hizo. Kilichokufa kwenu ni sokawei, yaani hilo shimo la mviringo nyuma ya jiko ambalo kazi yake ni kuyapeleka maji ya karo ardhini.

Hesabu hii inamfaa kila mwenye tatizo kama lako. Lingejaa kwa siku tatu, ningesema kuna maji yanayoingia kutoka nje: maji ya ardhini yanapenya kwenye nyufa, bomba la paa limeelekezwa kwenye chemba, au tangi la kuflashia linavuja usiku kucha. Hilo la mwisho linapimwa kirahisi. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashia, usiguse choo kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana, badilisha mpira wa ndani. Watu hujenga karo jipya kwa ajili ya mpira wa shilingi elfu chache.

Sasa jambo linalochosha kuliko yote katika kazi hii. Watu wanaamini karo linatakiwa kuwa tupu, na kwamba kujaa ndiyo ugonjwa wenyewe. Karo lililo zima hujaa saa zote, siku zote, hadi usawa wa bomba la kutokea. Likipokea lita kumi, linatoa lita kumi. Kazi yake ni kuyatuliza maji ili kinyesi kizame kiwe tope, mafuta yaelee juu yawe gamba, na maji ya katikati ndiyo yatoke. Unachopaswa kujua ni kama maji yanayotoka yanapata pa kwenda. Ukishalielewa hilo, biashara nzima ya dawa za kukausha choo inaanguka yenyewe, kwa sababu zaidi ya asilimia 99 ya majitaka ni maji matupu. Unga gani utakausha lita 560 kila siku?

Najua utaambiwa uliona kwa macho yako usawa umeshuka baada ya kumwaga unga. Nyingi za dawa hizo ni magadi makali au kitu cha jamii hiyo. Zinavunja gamba la juu na kulitibua tope la chini, kisha uchafu huo uliokuwa umetulia unasukumwa kwenda kwenye sokawei na kuziba matundu machache ya udongo yaliyokuwa bado wazi. Wiki ya kwanza unafurahi. Mwezi wa pili unaita gari mara mbili. Chumvi ya mawe nayo haina nafuu: kwenye udongo wenye mfinyanzi hutawanya chembe zake zikajifunga, na udongo uliokuwa unakunywa kidogo ukaacha kabisa. Kabaidi ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa ikikutana na maji hutoa gesi inayolipuka. Wanaouza "bakteria wa kula choo" wao hawadhuru, ila wanakuuzia kitu ambacho kila mwanafamilia anakipeleka humo bure kila asubuhi.

Shimo la futi 20 linalofikia maji ni kosa la namna nyingine, na kwangu ni kubwa zaidi. Kwenye maeneo mengi ya Dar maji ya ardhini yako karibu, na masika yanapanda. Sokawei inayogusa maji hayo haina mahali pa kumwaga; inakuwa kisima kilichojaa tangu siku ya kwanza. Kiangazi itakudanganya, itanyonya vizuri. Machi ikifika inakurudishia. Wakati huohuo kinyesi chenu kimeingia moja kwa moja kwenye maji ambayo mtaa mzima unayavuta kwa visima. Udongo ndio unaochuja vijidudu, na unahitaji nafasi: kitako cha sokawei kiwe walau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini wakati wa mvua, na kisima chochote, chako au cha jirani, kiwe umbali wa mita 30 au zaidi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa nchini hakikuhitaji njia nyingine zaidi ya kinyesi kukutana na maji ya watu.

Turudi kwenye karo lako. Funua mfuniko wa upande wa kutokea na utazame ukiwa nje, bila kuingiza kichwa. Unatafuta ti (kiungio cha bomba chenye umbo la herufi T) ya inchi nne kwenye bomba la kutokea, ambayo mguu wake unashuka ndani ya maji kiasi cha theluthi ya kina chake. Makaro ya umri huo mara nyingi hayana tena ti hiyo. Imekatika, imeliwa, au fundi wa kuzibua aliing'oa ili apitishe fimbo yake kirahisi. Bila ti, gamba la mafuta linatoka moja kwa moja kwenda kwenye sokawei, na kule linajenga utando mweusi unaoteleza kwenye kuta za shimo. Ukichimba pembeni mwa shimo kama hilo utaona udongo mkavu kabisa sentimita chache nyuma ya utando huo. Maji yamejaa upande mmoja, upande wa pili kuna vumbi.

Kisha pima tope. Chukua mti mrefu, funga taulo nyeupe kuanzia chini, uzamishe polepole mpaka sakafuni, usubiri dakika chache, utoe. Sehemu iliyoshika weusi mzito ni tope. Tope na gamba vikijumlishwa vikafika theluthi ya kina cha maji, ni wakati wa kunyonya, hata kama choo hakijalalamika. Mtu mmoja huacha takriban lita 40 za tope kwa mwaka, hivyo ninyi saba mna lita 280. Kwa karo la ukubwa wa kawaida, hiyo ni kila baada ya miaka michache.

Kama kuta hazijapasuka, karo lenyewe linaweza kubaki. Linyonywe, ti mpya mbili za PVC ziwekwe, ya kuingilia na ya kutokea, bomba la kutokea likiwa chini ya la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7.5. Kuta zipigwe plasta ya saruji moja kwa mchanga mitatu, kisha niru, yaani uji wa saruji wa kulainishia. Lijaze maji, weka alama, urudi baada ya saa 24. Likishuka, linavuja. Tahadhari moja: usiliache tupu katikati ya masika, kwa sababu maji ya nje yanaweza kusukuma kuta za tofali ndani. Matangi ya plastiki ndiyo mabaya zaidi kwa hilo. Tangi tupu la lita 3,000 lililozama kwenye maji linasukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani tatu, na lisipofungwa kwenye zege litapasua bustani na kuibuka.

Likihitaji kujengwa upya, kwa watu saba au wanane vipimo vya ndani vya mita 2.6 kwa 1.2, na kina cha maji mita 1.5, vinatosha. Ukuta wa kati uache theluthi mbili upande wa kuingilia. Sakafu iwe ya zege. Makaro yenye kokoto chini "ili yapunguze maji" siyo makaro.

Sokawei ndiyo kazi kubwa. Pima udongo kwanza: chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 hadi kina unachotaka kutumia, ukiloweshe usiku kucha, asubuhi ujaze tena na uhesabu muda wa maji kushuka sentimita 2.5. Ikizidi saa moja, udongo huo hauna msaada na lazima ufikirie njia nyingine. Udongo wa kichanga-tifutifu hupokea kama lita 25 za majitaka kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mfinyanzi mgumu kama lita 10. Lita zenu 560 kwenye udongo wa kwanza zinataka mita za mraba 22.4 za ukuta. Shimo la mviringo la kipenyo cha mita 1.5 lenye kina cha maji mita 2 lina mita za mraba 9.4 tu. Ndiyo maana moja halikutosha. Mtaro wa kina kifupi wenye kokoto safi sentimita 60 na bomba la matundu juu yake unapata mita za mraba 1.2 kwa kila mita ya urefu, pande zote mbili, hivyo mnahitaji mita 19 hivi. Gawanyeni mitaro miwili kwa kisanduku cha kugawia maji, muifanye ipumzike kwa zamu. Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970 kwa kaya moja moja. Kama hamna mita 19, toeni maji ya kufulia na ya kuoga kwenye mfumo huu na kuyapeleka kwenye mtaro wake.

Kwa upande wa sheria, kwanza ulizeni DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dar es Salaam, kama bomba la majitaka limefika mtaani kwenu. Likiwepo, unganisheni na muachane na mashimo. Kama halipo, Afisa Afya wa kata aje aone eneo kabla jembe halijagusa ardhi, na mchoro wa karo jipya uende Manispaa ya Ubungo kwa ajili ya kibali. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zote hazimruhusu mtu kuachia majitaka kwenye mtaro wa mvua wa mtaani. Hilo linamhusu pia yule anayesubiri mvua kubwa ya usiku ndipo afungue karo lake liende na mafuriko. Hapo Sinza majitaka hayo yanaishia Mto Ng'ombe, kisha kwenye nyumba za watu wa chini. Gari la kunyonya nalo muulize linamwaga wapi. Jibu sahihi ni kwenye mabwawa ya kutibu majitaka yanayotambulika, kama ya Vingunguti. Anayechukua nusu ya bei ya wenzake hafiki huko.

Kuna pia matangi ya kisasa yanayotangazwa kuwa "hayajai milele". Mengine ni mazuri kama tangi. Lakini yanatoa maji kiasi kilekile yanachopokea, na maji hayo yanataka sokawei ileile. Muuzaji asiyekuuliza kuhusu udongo wako hajui anachouza.

Mwisho, fundi yeyote akitaka kushuka ndani ya karo au shimo la zamani kulisafisha kwa ndoo, mzuie, hata akisema limefunguliwa tangu jana. Gesi ya mle ni nzito, inakaa chini, na ikizidi pua haiisikii tena. Anayeanguka hufuatwa na wa pili anayetaka kumwokoa, kisha wa tatu. Mtu akianguka, usishuke. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, na uwazuie walio juu wasimfuate.